Siku kamati ya kwaya ilipotupangia msuko, Ifakara

Wakuu, habari za kushinda.

Leo naweka mkasa wangu hapa mzima mzima, sipunguzi wala siongezi chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, maana mwenyekiti wetu wa kwaya ana wajukuu wenye simu.

Mimi ni msusi. Nimezaliwa Mbagala, nimeolewa Ifakara, saluni yangu iko Viwanja Sitini. Kwa hiyo kwenye habari ya nywele msinibishie kabla hamjamaliza kusoma.

Wanawake wa nchi hii hatusuki kitu kimoja. Dar nilikuwa nasuka knotless, zile rasta zisizo na fundo, za kufika makalioni. Mtu anakaa kwenye kiti asubuhi, anatoka jioni shingo imekakamaa, na anashukuru. Nikaja huku na mapicha yangu, nikabandika ukutani. Wateja wanayaangalia vizuri tu, halafu wanakaa na kusema, "Nisuke twende kilioni."

Mistari inayolala kwenda nyuma, basi. Miaka nenda rudi.

Nikasema moyoni huu ni ushamba. Mpaka nilipokwenda shambani kwa mama mkwe wakati wa mavuno, nikabebeshwa mpunga kichwani juu ya rasta nilizozifunga kama mnara. Ngata haikai, mzigo haukai, mimi mwenyewe sikai. Mawifi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo twende kilioni naiheshimu.

Pembeni kidogo. Kuna mke wa mwenye duka la vyombo, asili yao Kilwa. Barabarani hutaona hata unywele wake mmoja. Ila nikishusha pazia akavua hijabu, ndicho kichwa cha gharama kuliko vyote ninavyovishika. Wanaokifaidi ni mumewe na mimi.

Halafu kuna wamama wa Kisukuma waliohamia bondeni. Wengi ninaowajua hawasuki kabisa. Wanakata fupi, wanapaka mafuta, maisha yanaendelea. Kibiashara hao kwangu ni hasara tupu, lakini nawapenda.

Sasa mkasa wenyewe.

Kwaya yetu ilipanga kurekodi video. Mpiga picha anatoka Morogoro, tunarekodia Kivukoni kando ya mto, daraja lionekane nyuma yetu. Sare zilishashonwa. Zikabaki nywele.

Wakuu, nimekaa vikao vya harusi na vya msiba, sijaona kikao kama kile. Mabinti wanataka knotless za rangi. Nesi mmoja wa Moshi anataka wote tuvae wigi, anasema kwao ndiyo heshima. Mwalimu wa kwaya, kipara chake kinang'aa, akajaribu kuchangia. Akaambiwa abaki na noti zake.

Mwenyekiti wetu, Mama Deo, mtu wa Mahenge, akiongea hakuna anayeongea baada yake. Akasema wote tunasuka twende kilioni, mistari sawa, nyuma tunabana. Mimi nikapiga makofi kuliko wote, maana vichwa vyote vile vinakuja kwangu.

Ndipo mtu akauliza, "Na Mama Kulwa?"

Mama Kulwa ndiye mwimbaji wetu wa solo. Msukuma, anaishi upande wa Lumemo, analima mpunga. Akifungua mdomo hata watoto wanaokimbizana kanisani wanatulia. Na kichwa chake ni cha kukata, tangu namfahamu hakijawahi kuzidi urefu wa punje ya mchele.

Mama Deo akasema sare ni sare. Msusi atengeneze wigi la twende kilioni, Mama Kulwa alivae siku hiyo moja, hafi.

Nikalitengeneza. Na nisiseme uongo, lilikuwa wigi tamu. Mistari imenyooka hadi raha.

Mama Kulwa akaja saluni kulijaribu. Nikamvalisha, nikamgeuzia kioo. Akajiangalia muda mrefu. Nikamuuliza kama linambana.

Akasema, "Mama yangu yuko Maswa, ni mzee sana. Hajaniona tangu tulipohamia huku. Hii video ndiyo atakayonionea."

Nikamwambia si ni vizuri, ataona binti yake amependeza.

"Masikio yake hayasikii tena. Sauti yangu haitamfikia. Atatafuta kichwa changu tu. Sasa akikuta vichwa vyote ni kimoja, atajua mimi ni yupi?"

Nilijikuta nazungusha kitana mkononi kama chizi.

Nikaenda kwa Mama Deo. Nikampa shikamoo ya heshima zote, nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akanipa na togwa ninywe. Halafu akasema amemhurumia, lakini akimruhusu mmoja kesho kila mtu atakuja na mama yake. Mama Kulwa avae, au solo apewe nesi.

Nesi anaimba kama mtu anayezuia chafya. Mama Kulwa akakubali kuvaa.

Siku ya kurekodi Kivukoni kulikuwa na upepo wa kutoka mtoni. Mama Deo akaniagiza nilikaze wigi lisije likaruka likaishia majini. Nikalibandika kwa gundi, mbele na pembeni. Gundi yenyewe ni ile ya kazi, haina masihara.

Tukapangwa. Mimi naimba sauti ya pili, nikawekwa mstari wa nyuma, mgongoni kwa Mama Kulwa kabisa. Tukarudia, tukarudia. Jua likaanza kushuka na mpiga picha akasema inayofuata ndiyo ya mwisho, ana safari.

Tukaanza. Kulia, kushoto, mikono juu. Ubeti wa kwanza ukapita. Kabla ya solo kuna mahali kinanda kinabaki peke yake, sote tunayumba tu. Pale Mama Kulwa akageuza shingo kidogo, akaniangalia, akainamisha kichwa kuelekea kwangu.

Nilimwelewa.

Nikashika wigi kwa nyuma, nikalivuta kwa nguvu zangu zote.

Gundi ikaachia kwa shida, nadhani na ngozi kidogo. Mama Kulwa akainua kichwa chake kile kifupi kwenye jua na kutoa noti ambayo mwalimu alikuwa ameitafuta miezi yote ya mazoezi akakata tamaa. Machozi yanamtiririka, sauti haitetereki. Akaimba ubeti wote. Mimi nyuma yake nayumba kulia na kushoto nimeshika wigi kama nimekamata kuku.

Mkiiona ile video, watu wameandika kwenye komenti kwamba mama yule aliguswa na Roho Mtakatifu. Sitaki kumsemea Roho Mtakatifu, lakini gundi ilikuwepo.

Mama Deo alitaka irudiwe. Mpiga picha akasema jua limekwisha na yeye anaondoka. Mwalimu wa kwaya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akambishia mwenyekiti. Akasema noti ile haipatikani tena, inabaki.

Mama Deo akaacha kuitikia shikamoo yangu. Nilisalimia nikachoka. Akaenda kusuka kwingine, mistari ikatoka kama mitaro ya maji, akarudi kwangu mwenyewe amenuna.

Siku hiyo amekaa kwenye kiti, nimefika katikati ya kichwa, Mama Kulwa akaingia mbio na simu. Kaka yake anapiga kutoka Maswa, wamemwonyesha mama yao video. Akaweka sauti kubwa. Wakaongea Kisukuma, mimi sielewi kitu, naona tu mwenzangu amekaa sakafuni, anafuta uso kwa khanga.

Nikamuuliza mama kasemaje.

"Kanishika kwenye kioo cha simu. Kasema huyu hapa wangu, nimemwona." Akavuta pumzi, akaanza kucheka. "Halafu akauliza, hao wengine wote wamezaliwa na mama mmoja?"

Nikahisi mabega ya Mama Deo yanatikisika chini ya mikono yangu. Nikaogopa, nikajua leo nafungiwa saluni. Kumbe mama wa watu anacheka. Alicheka mpaka mstari niliokuwa naushika ukaniponyoka, halafu akaomba apewe simu amsalimie mama mwenziwe, asikie asisikie.

Jioni nilimpigia mama yangu Mbagala, sina hata cha kumwambia.

Nilichojifunza mimi: sukeni mnavyosuka kwenu, fupi, ndefu, za kubandika, kila mkoa na raha zake. Ila mtu akikataa umguse kichwa, muulize kwanza anataka aonwe na nani.

Haya, tupieni chini hapa, mikoani kwenu wanasukaje? Na kuna mwingine aliyewahi kupangiwa nywele na kamati? Wenye vipara karibuni msome, ila hoja zenu mbaki nazo.