Kikombe cha Tatu Kilinuka Kibuyu Changu

Nilionja vikombe vitatu vya chai mbele ya kiboko cha askari. Cha tatu kilikuwa na harufu ya nyumbani kwangu.

Ilikuwa Dodoma, zama za Mjerumani, mwaka wa pili tangu reli ifike. Kazi yangu ilikuwa kuwachemshia chai wazungu wa stesheni.

Asubuhi hiyo Bwana Mkubwa, mkuu wao, alifungua kopo lake la chai stoo, akakuta limebaki nusu.

Ufunguo wa stoo alikuwa nao mpishi wake, Silvano. Askari wakampekua, wakakuta majani ya chai kwenye sanduku lake. Wakachukua mengine dukani kwa Mbwana, mtu wa Kondoa. Mengine yaliokotwa kisimani, yamefungwa kwenye kitambaa.

Bwana alikuwa na homa. Dawa yake, kwinini, ilikuwa imemuua ulimi, kila kitu kwake kichungu. Akaniita mimi.

"Loisi, unaijua chai yangu. Ipi imetoka kwenye kopo? Ukidanganya, utachapwa pamoja na mwizi."

Silvano alishalazwa juu ya pipa, mgongo wazi. Viboko ishirini na vitano vilimsubiri. Aliyeshika kiboko ni askari Matonya, mume wa binti yangu Anyesi.

"Dada Loisi," Silvano akanong'ona, "usiniue."

Nikaanza na chai ya Silvano. Nyekundu, kali, inauma ulimi pembeni, na karafuu kwa nyuma.

"Hii ya sokoni. Ilikaa na viungo."

Ya Mbwana. Rangi nzuri, ladha hakuna. Inapita kama maji yaliyosuuza sufuria.

"Haya yalishachemshwa, yakaanikwa, yakauzwa tena."

"Mama, unaniharibia biashara," Mbwana akalalamika.

"Umeiharibu mwenyewe."

Ya kisimani. Laini. Inaanza na maua, inamalizia na utamu wa asali ya nyuki wadogo. Ndiyo ya kopo.

Lakini juu yake kulikuwa na moshi, na uchachu mdogo wa maziwa.

Nikaonja tena.

Kwetu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha moto, na kila mwanamke ana mti wake wa kufukizia. Moshi huu ulikuwa wangu. Kibuyu chenyewe nilimpa Anyesi alipoolewa.

Nikamtazama Matonya. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hilo najua. Ila yeye hakukiondolea macho kile kikombe.

"Hii ndiyo yako, Bwana. Silvano hakuiba."

"Nani, basi? Usipomtaja, mpishi atalipa. Ufunguo ni wake."

Nikimtaja, binti yangu atabaki bila mume. Nikinyamaza, nimeuza mgongo wa mtu asiye na kosa.

"Mwizi ameshika kiboko," nikasema. "Kaangalieni kibuyu nyumbani kwake."

Wakaenda, wakakuta majani. Silvano akashuka kwenye pipa, Matonya akapanda. Kisha kifungo cha mnyororo, miezi sita.

Jioni nikaenda kwa Anyesi. Hakuniamkia.

"Nina mimba, mama. Chakula hakikai tumboni. Nilitamani kitu kimoja tu."

"Kitu gani?"

"Chai ya Bwana. Si wewe uliyekuwa ukija hapa kila siku kunisimulia? Maua, asali. Nikamsumbua Matonya mpaka siku Silvano alipoacha stoo wazi, akaniletea. Kile kitambaa nilikidondosha mimi, nikiteka maji."



Hata leo ningemtaja tena. Mgongo wa Silvano haukuwa wangu wa kutoa.

Lakini wazazi wenzangu, msimsifie mtoto utamu msioweza kumpa. Matonya aliiba kwa mkono. Mimi nilishamtuma, kwa mdomo wangu, bila kujua.