Pumzi ya Gari la Baba

Baba alipofariki, gari lake liliendelea kupumua.

Sisemi hivyo ili kumtisha mtu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sina subira na habari za mizimu, na tangu utotoni ndimi niliyemshikia baba tochi alipolala chini ya gari hilo. Kwa hiyo nilijua kinachopumua. Lilikuwa gari la sport la Kijapani, la viti viwili, pua ndefu, la zamani kuliko mimi, lililotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye sheria kali za moshi. Chini ya boneti walikuwa wamelijazia vikorokoro vya kuusafisha huo moshi: pampu ndogo ya hewa inayozungushwa na mkanda, kopo la mkaa la kunyonya mvuke wa petroli, vali, na mipira membamba iliyosokotana kama utumbo wa mbuzi. Hapa Lubumbashi, ambako malori ya madini yanatufukiza mchana kutwa, hakuna aliyewahi kutuuliza habari za vikorokoro hivyo. Baba aliviacha tu, vikazeekea humo humo.

Mipira ilipopasuka na vali ikalegea, gari likaanza vituko vyake. Ukizima injini, kimya kidogo, halafu inatoka pumzi ndefu, hhhaaa, na mwisho wake kikohozi kidogo, kh. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, na mapafu yake yalikuwa yamekwisha. Alipumua hivyo hivyo. Alipokuwa hai tuliwacheka wote wawili, yeye na gari lake.

Baada ya mazishi hakuna aliyecheka. Msiba mzima mama hakutoa chozi hata moja. Alivaa nguo nyeusi, akapokea pole, akauliza kama wageni wamekula, na shangazi zangu wakanong'ona hadi wakachoka. Mimi nilikuwa nikihangaika na jeneza na masufuria, sikulitia maanani. Ndipo jioni moja nikamkuta mama gereji, mlango umefungwa, injini inanguruma. Aliizima, akainamisha kichwa. Hhhaaa. Kh.

"Bonsoir, papa," mama akalisalimu gari.

Akanigeukia, uso wake umetulia kabisa.

"Unasikia? Papa yenu iko anapumua. Bale ba ku makaburi balizika kintu ingine."

Kwake waliozika walizika kitu kingine, si baba, na ikawa hivyo kila jioni. Alifunga mlango ili kelele za barabara zisimharibie. Mimi niliogopa moshi: injini inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa humuua mtu polepole, bila hata kumwamsha. Mama alianza kuumwa kichwa, halafu kutapika. Siku moja nilimkuta ameegemea usukani, macho wazi, haniitiki. Nilimburuta hadi uani, na alipozinduka alinikasirikia mimi. Nikaficha ufunguo. Akaacha kula. Nikaurudisha, huku nimeuma meno, kwa sababu sikuona njia nyingine. Nilijua nitamzika mama pia, na kitakachobaki ni gari.

Basi nikaamua: kama ni pumzi anayoifuata, pumzi iondolewe. Nilimweleza ukweli wote, vali, mipira, pampu, hata nikamchorea. Alisikiliza vizuri, kwa adabu inayoudhi.

"Kama ni mupira, mukate," alisema. "Kama ni yeye, atabakia."

Nilimwita fundi aliyekuwa rafiki wa baba, mzee wa Kasai mwenye maneno mengi na kofia ya sufu ambayo haitoki kichwani hata jua likiwaka. Alifungua boneti, akacheka, akaniita binti yake.

"Ma fille, hii bintu byote tunatosha, tunatupa. Iko inakaba motere bure. Utaona vile itatembea."

Alisema atang'oa vyote, lakini spana yake haikugusa kitu. Alisimama tu, akimngoja mama. Kwake gari la marehemu haling'olewi kitu kimya kimya. Mjane lazima amwambie marehemu kwanza. Mama alisogeza kiti hadi mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya pampu.

"Banakuya kukutosha hii bintu," alimwambia baba kwamba wanakuja kumtoa vitu hivyo, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. "Kama ni weye, jikamate."

Mkanda ulitoka bila shida. Kopo la mkaa pia. Lakini boliti ya mwisho ya pampu ilikataa. Fundi aliimwagia mafuta, akagonga, akatundika uzito wake wote kwenye spana, na boliti haikutikisika. Alivua kofia, akaivaa tena. Hakuongea, na hilo lilinitia hofu kuliko boliti. Mama alikuwa anatabasamu.

"Ni kutu," nilisema kwa ukali. "Kutu tu!" Nikamnyang'anya spana, nikavuta kwa hasira zangu zote, hasira za miezi yote ile, na boliti ikaachia kwa mlio kama wa mtu aliyefinywa.

Fundi aliipakata pampu, akazungusha gurudumu lake kwa kidole kuona kama bado nzima. Ikampulizia usoni. Aliiangusha hapo hapo, akasema neno la Kiluba ambalo sikulielewa. Niliiokota mimi. Injini ilikuwa imezimwa tangu jana yake, na bado hewa iliyotoka ikanigusa mkononi ilikuwa ya uvuguvugu. Najua chuma kikikaa juani hupata joto. Gereji ile haina dirisha.

Matundu yaliyobaki tuliyaziba kwa vibati vya shaba, maana shaba ndicho kitu ambacho huku hatukosi. Fundi akawasha injini. Iliwaka mara moja, laini, nzuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akaizima.

Tulingoja. Chuma kilikuwa kinapoa, kikigonga kidogo kidogo, na kugonga kukaisha. Mama aliinamisha kichwa. Alingoja muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kutamani lile lidude lipumue, hata mara moja, nami niaibike na fizikia yangu.

"Ah," mama akasema. "Kumbe alikufa."

Kisha akapiga yowe. Sijawahi kusikia yowe kama lile, si kwenye kilio cha baba wala cha mwingine. Alitoka kwenye kiti, akaanguka sakafuni kwenye mafuta, akamwita kwa majina yake yote.

Mtaani kwetu yowe la namna hiyo halingoji maelezo. Kabla sijamfikia, jirani yetu alikuwa ameshaingia bila viatu, akifunga kitenge kiunoni.

"Mama, nani tena?"

"Bwana yangu."

Jirani huyo alikuwepo mazishini. Alipika ugali wa watu wote. Alinitazama, akalitazama gari, halafu akakaa sakafuni karibu na mama, akaupokea wimbo wa kilio. Wengine wakaingia. Fundi, bila kuambiwa, akaanza kupanga viti uani na kuwasha makaa kwa ajili ya wanaume. Barabarani mtu alikuwa ameshaweka matawi, alama ya msiba, ili magari yapite polepole.

Nilitoka hadi getini niwasimamishe, niseme ni makosa, hakuna aliyekufa, rudini makwenu. Mzee mmoja nisiyemjua, mpita njia tu, alikuwa anaingia na kofia mkononi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Ni nani alituacha?"

Wakati wa mazishi wengine ndio waliokuwa wakijibu swali hilo.

"Papa," nikasema. "Papa yangu alikufa."

Yule mzee akanishikilia nisianguke.