Mikia ya Bobini

Nilipoolewa Babati nilikuwa nimevaa nguo maisha yangu yote bila kujiuliza hata siku moja uzi wa chini unatoka wapi. Wa juu kila mtu anauona: unashuka, unapita kwenye vikulabu viwili vitatu, unaingia kwenye tundu la sindano. Lakini ukiigeuza nguo, upande wa pili nako kuna uzi. Huo nao umeingiaje, na hakuna mtu aliyejificha chini ya meza akiusukuma?

Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo nilimuuliza wiki yangu ya kwanza. Alicheka, akavuta kibati kilicho chini ya sindano, akanitolea bobini: kigurudumu cha chuma kisichozidi kifuniko cha soda, uzi umezungushwa kiunoni.

“Huyu ndiye anayefanya kazi,” akasema. “Yule wa juu anaonekana tu.”

Mimi kitu kikinikaa kichwani hakitoki. Nilijifunza kukining’iniza kijumba cha chuma ambamo bobini hukaa, kwa uzi wake wenyewe, na kukitikisa: kikishuka kidogo na kusimama, mkazo ni sawa, kikidondoka hadi chini, umelegea. Nilikuwa nakitikisa hata wakati mboga inaungua. Nikaanza kuziona bobini kila mahali. Miguu ya kitanda chetu ilikerezwa na seremala mmoja wa Maisaka, viuno na matumbo, viuno na matumbo, kama bobini zilizopangwa moja juu ya nyingine. Nilimfuata hadi karakana kumuuliza kwa nini. Akasema bila viuno mguu ni gogo tu, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu hakuna kazi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga wakati huo. Watumishi walikuwa wanahamia, wanakuta nyumba zenye madirisha matupu, na mafundi hawakupumzika kwa mapazia. Mama alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa mjini, la mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Utaratibu wa mabaraza yale unajulikana: mteja ananunua kitambaa ndani, anashonewa nje. Hakuna karatasi wala mkataba. Anayeiweza kazi anakaa, akiharibu anapisha mwingine. Baraza lilikuwa na nafasi mbili tu. Kwenye ya pili alikaa kijana mwenye mkono mwepesi, na kulikuwa na fundi wa tatu, kutoka Bonga, aliyepita kila Jumatatu kuuliza kama kuna nafasi. Mama alikuwa mjane, na mume wangu alikulia pale barazani na kusomeshwa kwa kazi ile. Kile kiti kilikuwa maisha ya mama.

Kazi yangu asubuhi ilikuwa kumtungia sindano. Sikuona ajabu, watu wazima wote hutungiwa sindano na vijana. Nilichoona ajabu ni bobini zake. Alikuwa nazo zaidi ya ishirini kwenye kopo la maziwa, na kila moja ilikuwa na mkia wa uzi mrefu kama kidole, na mkiani kuna mafundo. Nyingine fundo moja, nyingine mawili, nyingine matatu au manne. Kabla ya kuitia bobini kwenye cherehani aliupapasa mkia, halafu akaukata.

“Mama, haya mafundo ni ya nini?”

“Mazoea tu, mwanangu.”

Jibu hilo halikunitosha. Nilidhani ni dawa ya kuzuia husuda. Nikadhani anahesabu nguo. Mwishoni niliamua kwamba ni njia ya kizamani ya kuzuia uzi usifumuke, na nikajiona mwerevu kwelikweli, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshagundua njia bora zaidi: ncha ya uzi unaichomeka tu kwenye kitundu cha bobini, inatulia.

Basi jioni moja, siku chache kabla ya Idi, mama akiwa kwa jirani, nililimwaga kopo kitandani. Mikia ilikuwa imesokotana kama nywele za kuamkia. Nikaikata yote. Nikachomeka ncha moja moja, nikazifuta bobini vumbi, nikazirudisha koponi zinang’aa. Sikumwambia. Nilitaka akutane nazo afurahi.

Kesho yake mama alikuwa na kanzu ya mwenye duka mwenyewe, nyeupe, ya kuswalia Idi. Nilimtungia uzi mweupe, nikamwacha nikaenda sokoni, kisha nyumbani kupika. Niliporudi alasiri alikuwa amemaliza, ameikunja, mikono ameiweka juu yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba,” akasema, basi. Kwa kawaida angeniuliza nimepika nini.

Kabla sijakaa mzee wa duka akatoka. Aliikunjua kanzu, akaangalia shingo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashuka hadi pindo. Hapo mkono wake ukasimama.

Pindo hushonwa kwa upande wa ndani, kwa hiyo uzi unaoonekana nje ni ule wa bobini. Bobini nyeupe ilikuwa imemwishia njiani, kama zinavyoisha zote bila kuaga, akatia nyingine. Pindo lote la ile kanzu, kuzunguka, lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa bluu ya sketi za shule.

“Mama, nini hii?” mzee akauliza, bila ukali, na upole wake ulinitisha zaidi. Kijana wa cherehani ya pili akaacha kukanyaga. Mama alishika ukingo wa meza. Alikuwa anatazama upande wa ile kanzu, lakini siyo pindo. Alikuwa anatazama karibu na mkono wa mzee. Ndipo nikaelewa. Fundo moja nyeupe, mawili nyeusi, matatu bluu.

“Ni mimi, baba,” nikasema. “Mama alitoka kidogo, nikajitia kumsaidia. Nisamehe.”

Mzee alinitazama kwa muda. Sijui kama aliamini. Akasema pindo lifumuliwe na lirudiwe, na mimi nisiguse tena cherehani yoyote kwenye baraza lake. Nikaitikia.

Pindo nililifumua jioni ile nyumbani Nangara, uani, jua likiwa bado lipo. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yangu na kopo mapajani, akizipapasa bobini zangu safi moja baada ya nyingine.

“Nisamehe mama. Sikujua.”

“Ungejuaje? Hata mwanangu hajui.”

“Ulipozikuta hazina mafundo, ulijua?”

“Nilijua nilipoingiza tu mkono.”

“Sasa kwa nini hukumuuliza yule kijana?”

“Ningemuuliza nini, mwanangu? Nyeupe ni ipi?”

Niliendelea kuvuta nyuzi za bluu na kuziweka kwenye kanga. Nilikuwa najichukia. Mtu aliyeuliza maswali mia juu ya chuma na mbao alikuwa amemtungia sindano mwanamke miezi saba bila kumuuliza macho yake yakoje. Ndipo nikamuuliza: anaona kiasi gani?

Akasema anaona mwanga, na vitu vikubwa, na watu wakiwa wanatembea. Duka analifikia kwa kuhesabu hatua. Mimi ananijua kwa sauti na kwa ndara zangu.

“Na sura yangu?”

“Ulipokuja ilikuwa imeshakuwa hivi,” akasema. “Sura yako sijawahi kuiona.”

Niliweka kanzu chini, nikasogea hadi magoti yetu yakagusana, nikageuza uso upande wa jua. Alinikaribia sana, nikasikia pumzi yake shavuni.

“Wanasema una mwanya,” akasema. “Kweli?”

“Kweli mama.”

“Hebu cheka niuone.”

Nilijaribu kucheka, nikashindwa.