Pikapu ya dizeli inazima, ikipumzika inawaka: yaliyotukuta njia ya Lalago

Wakuu, heshima kwenu. Mwadila kwa wale wa kwetu.

Jana nimesoma mdau analalamika pikapu yake ya dizeli inazima njiani, ikipumzika kidogo inawaka, inatembea, inazima tena. Mmemjaza ushauri weee! Badili pampu, peleka nozeli zikapimwe, sijui nini.

Sikuchangia. Niliweka simu chini nikatoka nje. Ile dalili naijua, na sipendi kuikumbuka. Lakini nimeona leo niandike tu, na sitaongeza chumvi.

Ni miaka ile ya ruksa. Kampuni binafsi ndiyo kwanza zimeanza kununua pamba, ushirika hauko peke yake tena. Bariadi tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga (vijana wa Simiyu msibishe, waulizeni wazazi). Kila mwenye hamu ya biashara alitaka gari la kusomba pamba toka vijijini.

Baba akauza ng'ombe walioachwa na babu, akanunua pikapu ya mtumba, nyeupe.

Baba mdogo, yaani mdogo wake aliyekuwa anaishi Lalago, alikataa kabisa. Alisema ng'ombe wa mzee hawauzwi ili kununua chuma. Wakarushiana maneno mazito mbele ya wajomba, wakaachana hapo. Hata kwenye misiba kila mmoja alikaa kona yake.

Aisee, baba aliipenda ile gari. Fundi haruhusiwi kuigusa. Kila kitu tulifanya wenyewe, yeye na mimi mwanae wa kwanza niliyekuwa dereva. Tulijifunza kwa kufungua na kufunga, ikibaki nati mkononi tunafungua upya.

Dizeli tulinunua ya kwenye mapipa pale mjini, na ilikuwa na mchanga balaa. Baba akabuni kichujio chake. Pamba.

Anachagua ile nyeupe ya shamba letu, anaichambua mbegu kwa mkono, anaisokomeza kwenye faneli, halafu anamimina dizeli polepole. Inashuka safi kama chai ya rangi. Wenye magari wengine wakaanza kumuiga. Na kweli, nani angehangaika kununua chujio wakati nyumba nzima imejaa pamba?

Sasa basi.

Msimu unaelekea mwisho, ikaja habari toka Lalago kwamba baba mdogo yuko hoi. Hakutuma maneno mengi. Alisema tu, "Mwambieni kaka aje."

Baba hakunywa hata uji. Alivaa koti lake la kanisani, akapanda mbele. "Ng'wanone, washa gari." Ni mwanangu hiyo, kwa wasiojua Kisukuma.

Kabla ya Maswa pikapu ikaanza kukosa nguvu, ikanyong'onyea, ikazima.

Nikafungua boneti. Nikalegeza nati ya juu ya filta, nikapampu kwa mkono. Mara ya kwanza pampu ilikuwa nzito, halafu ikalegea, dizeli ikaja. Nikakaza, nikapiga starta, ikawaka. Nikajiambia imeingiza upepo.

Haikwenda mbali. Ikazima tena. Nikabadili filta, tulikuwa na mpya nyuma ya kiti. Ikawaka. Ikazima. Nikabana mipira yote ya mafuta, mikono inaungua, vumbi linaniingia mdomoni. Baba kasimama pembeni anaangalia barabara ya mbele.

Tulikuwa tumeshaipita Maswa ndipo likaja lori la kampuni moja ya pamba, tupu, linaelekea huko huko Lalago. Dereva akasimama mwenyewe bila kupungiwa mkono.

"Mzee, panda twende. Kijana atakukuta."

Baba akasema, "Nashukuru. Nitafika na gari langu."

Nikamwambia, "Baba, panda tu, mimi nakuja nyuma."

Akanikata jicho. "Niuze ng'ombe wa baba yangu, halafu nifike kwa mdogo wangu juu ya lori la watu? Atanionaje?"

Lori likaondoka. Wakuu, wakati ule nilimuelewa kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Tuliendelea hivyo hivyo, kuwaka na kuzima. Jua lilikuwa limelala tulipoingia Lalago. Kukata kona ya kwa baba mdogo, uwanja umejaa watu, wanaume wamekaa chini kimya. Baba alishuka gari halijasimama.

Mama mdogo, mke wa marehemu, alimshika mikono. Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

"Shemeji, tangu asubuhi kila injini ikipita anauliza, ni la kaka hilo? Lilipopita lori la pamba akajaribu hadi kuinuka. Tukamwambia hapana, hilo ni lori."

Sijawahi kumuona baba analia vile. Nami nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Baada ya mazishi gari ikagoma palepale uani. Nikaamua kufungua tangi. Nikatoa dizeli yote, nikachomeka waya niliokunja ncha, nikavuta. Likatoka bonge la pamba limelowa, jeusi, linanata.

Nyuzi zilikuwa zinachomoka kwenye faneli kidogo kidogo, kila tunapojaza. Injini ikinyonya, zinakwenda kuziba mdomo wa bomba ndani ya tangi. Ikizima, zinalegea na kuelea, unawasha inawaka. Unabadili filta weee, kumbe ugonjwa uko nyuma kabisa.

Baba alilichukua lile bonge, akalikamua, akalifungua kwa vidole mpaka weupe ukaonekana katikati. Akasema, "Hii ni ya kwetu." Akalitia mfukoni mwa koti la kanisani. Koti lile lilinuka dizeli hadi lilipochakaa, na mama hakuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo, mdau wa jana, kabla hujagusa pampu, fungua tangi. Chuja mafuta kwa chujio la waya laini. Pamba, sufi, tambara linalochomoka nyuzi, weka mbali. Na ukiwa unakwenda kwa mgonjwa likasimama lori, gari liache hapo hapo. Litakusubiri.

Karibuni wakuu, waliowahi kukutwa na hii waseme, na wanaotaka kunisema mimi ruksa. Ila nawauliza, nyie mngepanda lile lori?

Baba nilimuuliza mara moja tu, ameshazeeka, tumekaa wawili nje ya nyumba.

Akasema, "Ningepanda hata mkokoteni wa ng'ombe."