Siku Tuliyomkaribisha Afisa wa Watoto

Nilimpoteza binti wa ndugu yangu kwa sababu ya kutaka sifa, na sifa yenyewe ilikuwa yangu. Nikilisema hilo kanisani Blacktown, hapa Sydney, wananifariji kwamba ni mipango ya Mungu. Mungu hakumwalika mtu hata mmoja siku ile. Niliwaalika mimi.

Ndugu yangu mdogo alifariki, mkewe akamfuata kabla mwaka haujaisha, wakaacha msichana wa miaka mitano mikononi mwa mama yangu, mwanamke ambaye magoti yake hayamfikishi hata bombani. Mimi na mume wangu tunaishi Quakers Hill na hatukujaliwa mtoto. Jambo lilionekana rahisi: shangazi amchukue. Kule kwetu Kenya hilo lingeamuliwa kwa chai na mandazi. Lakini mtoto anayeletwa Sydney ili awe wako kisheria lazima apite mikononi mwa serikali mbili, na kila moja ina watu wake wa kuuliza maswali.

Upande wa Sydney tulifaulu. Mwanamke mmoja wa serikali alikuja nyumbani mara nne, akakagua ua, akafungua kabati la dawa, akatuuliza mmoja mmoja tuliadhibiwa vipi utotoni. Kazi yangu ni kutunza wazee, nimezoea kuandika ripoti za wengine. Kuandikwa mimi kulinikera sana. Barua ya kibali ilipofika, mume wangu alilia jikoni. Kilichobaki ni mimi niende Kenya, afisa wa watoto aitembelee familia, kisha aandike ripoti yake kwa hakimu.

Wakili wetu kule alinionya kwamba hakimu atatafuta jibu la swali moja: je, kuna jamaa hapa nchini anayeweza kumlea mtoto huyu? Akiwepo, mtoto haendi popote. Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Lakini wiki moja kabla ya ziara nikaanza kuona aibu. Mgeni mzito anakuja kwa ajili ya mtoto wetu, halafu apokewe na bibi mmoja mgonjwa? Si atadhani tunamtorosha? Nikataka aone ukoo mzima umeridhia, kama tunavyofanya watu wakija kuposa, siku ambayo familia yenye watu wachache hudharauliwa. Nikaanza kupiga simu.

Mume wangu alinikanya kutoka Sydney. "Babe, hii si dowry. Huyo ni caseworker. Mpe chai na documents, basi." Nikamwambia asinifundishe watu wetu.

Walikuja zaidi ya thelathini. Tulichinja mbuzi wawili, chapati zikajaza beseni. Msichana alivaa gauni jeupe nililomnunulia Blacktown, akawa anazunguka kuwanawisha wageni mikono. Kaka yetu mkubwa, ambaye siku chache tu kabla aliniambia faraghani kwamba kwake pamejaa na hamwezi mtoto mwingine, alikuja na suti.

Afisa alikuwa mtu mpole. Alikula, akasifu chapati, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na huyu mtoto, shangazi yake asipofanikiwa, kuna mtu hapa anaweza kukaa naye?"

Hakuna mtu wa kwetu atakayesema mbele ya mgeni, mbele ya mama, nyama ikiwa bado mkononi, kwamba mtoto wa marehemu amemshinda. Kaka mkubwa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, huyu ni damu yetu. Kwa hili boma mtoto hakosi pa kulala." Wakampigia makofi. Mwingine akasimama, na mwingine, kila mmoja akiahidi kwa sauti kubwa kuliko aliyetangulia. Na mimi, mjinga mimi, nilipiga makofi pia. Nilijivunia. Afisa alikuwa ameweka sahani chini, anaandika.

Ripoti ilisema mtoto ana jamaa wengi wenye nia na uwezo. Hakimu akakataa. Nilimsihi kaka mkubwa aende kortini akaseme ukweli. "Unataka niandikwe kwa faili ya serikali kwamba nilimkataa mtoto wa ndugu yangu?" akaniuliza, amekasirika kweli. Likizo yangu ikaisha, nikapanda ndege peke yangu.

Kazini nilimsimulia mwenzangu Mkongomani, mama aliyekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Tulikuwa tunatandika vitanda. Alisimama na shuka mkononi. "Weye uliita famille yote? Siye ku kambi, siku ya interview, benye hawako ku karatasi banabakia ku nyumba. Hata maman yako anabakia." Hakunicheka. Nilimchukia mpaka zamu ikaisha, kwa sababu alisema kweli: asiye kwenye karatasi abaki nyumbani.

Mama alifariki mvua zilipoanza. Msichana akachukuliwa na kaka mkubwa, akakaa miezi mitatu. Akapelekwa kwa binamu. Sasa yuko kwa shangazi mwingine, ambaye simu yake naipata kwa bahati. Wote walioahidi siku ile wana sababu zao, na sababu zenyewe ni za kweli. Nawalaumu kidogo. Lawama nyingine zote ni zangu.

Jumapili iliyopita nilimpata msichana kwa simu, nikiwa ndani ya gari nje ya stesheni ya Quakers Hill. Ana miaka minane. Siku hizi anaongea chini chini, kama anaogopa kusikika chumba cha pili.

"Shangazi, ile siku ya wageni nilikosea nini?"

"Hukukosea kitu, mama."

"Nilikula nyama kabla wageni hawajala. Ni hiyo?"

"Si hiyo."

"Sasa ni nani alikosea?"

Mtandao ulikuwa safi, nilimsikia hata akipumua. Nikamwambia simu yake inakatika, nitampigia tena.