Gari Jekundu la Mwanga na Pikipiki ya Bangwe

Nilipofika kwenye lile gari jekundu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto. Mwenye gari, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyevaa viatu vyeupe kana kwamba Kigoma haina vumbi, aliniamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka nalo wapi sasa hivi?"

"Sijatoka nalo popote, mzee. Lipo hapa hapa Mwanga tangu asubuhi, linakungoja wewe."

Nikarudisha mkono mfukoni. Nimeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini na nane, na jambo moja najua: mtu akipasha injini moto kabla mnunuzi hajafika, mara nyingi hataki mnunuzi aone linavyowaka likiwa baridi. Nilimwacha aendelee kulisifia huku nikimtazama macho.

Nilikuwa nimestaafu miezi mitano. Gari la kwendea sokoni tulikuwa nalo, kagari kadogo ka mke wangu kanakopanda vilima vya mji huu kwa kunung'unika. Sikuhitaji gari la biashara. Nilitaka spidi. Nilitaka kukaa kwenye kitu, nikikanyage, mgongo ubanwe na kiti. Kazini nilikuwa nayapata hayo karibu kila wiki. Kisha siku moja nikakabidhi funguo, wenzangu wakanikatia keki, nikaenda kukaa barazani kwangu Gungu nikisikiliza bodaboda za vijana zikipita, najua kwa mlio tu nani hajabadilisha oili.

Mzee wa miaka sitini akisema anataka mwendo, watu hutafuta maana nyingine. Mke wangu ni muuguzi, naye alikuwa amebakiza mwaka mmoja kazini. Nilipomwambia kuhusu gari la milango miwili, aliweka mwiko chini.

"Unamkimbilia nani?"

"Simkimbilii mtu."

"Basi unamkimbia nani?"

Tangu siku hiyo kila nikirudi nyumbani alikuwa ananitazama shati kabla ya kunitazama uso.

Yule kijana alinipa funguo tukaenda kulijaribu barabara ya Mwandiga. Nilivyoingia mle ndani magoti yalinifika karibu na kidevu. Lakini lilipofika kwenye lami iliyonyooka, nikakanyaga. Siwezi kusema uongo. Injini ilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye gari la serikali, na miti ya pembeni ikawa ukuta mmoja wa kijani. Nilicheka peke yangu. Kisha likaja tuta. Nilipunguza, lakini bado tumbo la gari lilikwaruza lami kwa mlio mrefu, na yule kijana akafumba macho kama amechomwa sindano.

"Umelipatia wapi?" nikamuuliza tulipogeuza.

"La kaka yangu. Yuko Dar."

"Mbona hakuliuzia Dar, penye wanunuzi?"

"Alitaka liende kwa mtu anayelipenda, mzee."

Hapo ndipo shaka zangu zote zilipokaa sawasawa kichwani. Hakuna mtu anayeleta gari la namna ile mwisho wa reli kwa sababu ya mapenzi. Nilichungulia rangi ndani ya milango. Nilisoma namba ya chesisi mara mbili nikailinganisha na kadi. Nililala chini kwenye mchanga na suruali yangu safi kutafuta mahali lilipochomelewa. Sikuona kitu, na kutoona kitu kukanitia wasiwasi zaidi. Kesho yake nilikwenda bila kumwarifu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikamkuta anapiga mswaki uani. Boneti ilikuwa baridi. Nikamwambia aliwashe, nikasogeza sikio. Likawaka mara moja, likatulia.

Nikajiambia, basi amebadilisha betri usiku.

Aliyenitoa kwenye lile gari ni fundi mmoja wa Gungu ambaye amenitengenezea vitu vingi na kuniibia vichache. Nilimweleza shida yangu. Akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mzee, hilo gari utakuwa unalipigia hesabu za matuta tu. Nenda Bangwe. Kuna mama anauza pikipiki, si hizi bodaboda. Kubwa. Ile ukiiwasha kuku wanaondoka."

"Pikipiki ya nani?"

"Yake."

"Ya mume wake, unataka kusema."

Fundi akainua mabega. Nikaondoka na shaka mpya. Bangwe iko ziwani, boti za kutoka ng'ambo zinafika, na pikipiki kubwa isiyo na mwanamume nyuma yake ilinipa picha ya polisi wakibisha mlangoni kwangu.

Nilimkuta yule mama anageuza dagaa kwenye chanja. Alikuwa na umri kama wa mke wangu, mfupi, na alikuwa anachechemea. "Mwakeye," nikamsalimu kwa Kiha, nikidhani itanifungulia mlango. Aliitikia, lakini hakuacha kugeuza dagaa.

Pikipiki ilikuwa chini ya paa la bati, imefunikwa turubai. Alipoivua nilishikwa na hamu mpaka nikakasirika. Ilikuwa ndefu, nyeusi, tangi limechubuka upande mmoja, mnyororo unang'aa kama umetoka dukani. Nikagusa injini. Baridi.

"Mume wako yuko wapi, mama? Nizungumze naye."

"Mume wangu anauza nguo Kasulu. Hajui hata kuiwasha."

"Sasa ilikuwa inaendeshwa na nani?"

Alinyoosha mguu wa kushoto mbele yangu. Alivaa kiatu cha ngozi cha zamani, na juu, karibu na vidole, ngozi ilikuwa imelika ikabaki alama ya duara. Ni alama ya kupandisha gia kwa mguu. Mtu haipati kwa kupakiwa nyuma.

Alinieleza kwa ufupi. Alifanya kazi kwenye mradi mmoja wa afya, akibeba chanjo na sampuli za damu kati ya zahanati za vijijini na kambi za wakimbizi. Mradi ulipofungwa waliuza vifaa kwa mnada, naye akainunua pikipiki aliyokuwa akiiendesha. Sasa goti la kulia lilikuwa limekataa. Nikaomba kadi. Akaleta kadi, hati ya mnada na barua ya kuachishwa kazi, vyote kwenye bahasha moja ya nailoni, kisha akarudi kwenye dagaa wake. Nilisoma kila mstari. Nilipoinua macho nikakuta ananisoma mimi.

"Umemaliza? Sasa na mimi niulize. Unaitakia nini?"

"Kutembelea."

"Kwenda wapi?"

"Popote."

"Mzee, mtu anayekwenda popote ananunua baiskeli. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nilimwambia. Akaacha kabisa kugeuza dagaa.

"Ulipokuwa unakimbiza wagonjwa, ulikuwa unafurahi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Niliangalia ziwa. Ningeweza kumwambia nilikuwa naokoa maisha, na ingekuwa kweli. Lakini kuna safari moja ya kutoka Manyovu, mvua imetoka kunyesha, mama mjamzito nyuma anatoka damu, muuguzi anapiga kelele niongeze mwendo. Zile kona za mlimani nilizikata moja moja kama mtu anayecheza ngoma aliyozaliwa nayo. King'ora kinalia, malori yanajibana pembeni kunipisha. Nilipofika hospitali na mama akaingizwa ndani akiwa hai, nilikaa kwenye usukani nikagundua mashavu yananiuma. Nilikuwa nimetabasamu njia nzima. Mtu anakufa mgongoni kwangu, mimi natabasamu. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nimewashuku wauza magari, mafundi na wauza oili kwa miaka mingi, lakini yule dereva wa siku ile sikuwahi kumhoji.

Sijui kwa nini nilimsimulia yule mama. Labda kwa sababu ya kiatu.

"Mimi nilikuwa nabeba damu za watu," akasema, "na nikifika kwenye ule mteremko wa kambini nilikuwa naimba." Kisha ukali ukamrudia usoni. "Lakini sasa huna mgonjwa. Siku ukimgonga mtu, utamwambia ulikuwa unamuwahisha nani?"

Akanirushia kofia ngumu. "Panda. Nitakaa nyuma."

Tukatoka Bangwe tukashika njia ya Ujiji, mimi mbele, yeye nyuma amenyoosha lile goti bovu pembeni kama mlingoti. Nilikuwa na leseni ya pikipiki tangu ujana, lakini sikuwa nimepanda kitu kizito namna ile. Kila nilipokosea gia alinigonga begani kwa kidole. Tulipofika penye uwazi akapiga kelele sikioni mwangu, "Fungua!" Nikafungua mafuta. Gari jekundu lilinibana kwenye kiti, lakini hii ilinivua. Upepo uliingia ndani ya shati, machozi yakatoka. Hapakuwa na king'ora. Hakuna aliyenipisha.

Mbele yetu akatokea mtu wa baiskeli mwenye madumu ya mawese, akayumba kuingia njiani. Nikakwepa kwenye mchanga, nikashika breki ya mbele. Tukaanguka taratibu sana, kama mzee anayekaa mkekani. Nilipata mchubuko wa kiwiko. Yule mama alishuka kabla pikipiki haijalala, akasimama pembeni akijikung'uta kitenge. Mtu wa mawese alitupa pole akaendelea zake, dumu halikumwagika hata tone.

"Kwenye mchanga breki ya mbele huigusi," akasema yule mama. "Sikuuzii."

"Mama, nina uwezo wa kuinunua."

"Najua. Njoo Jumamosi ujifunze."

Nilikwenda Jumamosi nne. Mke wangu alihesabu. Jumamosi ya tano alisimama mlangoni ameshajifunga kanga.

"Bangwe kuna nani?"

Kusema "mama mmoja wa dagaa ananifundisha pikipiki" kungesikika vibaya kuliko uongo wowote, kwa hiyo nikamwambia apande gari twende. Tulipofika alisalimia kwa sauti ya wodini, akakagua zile karatasi kwenye bahasha kama nilivyokagua mimi, akalinganisha namba za fremu, akanusa hata kofia ngumu. Kisha akamwona yule mama anavyonyanyuka kwenye kigoda.

"Hilo goti lina muda gani?"

"Mwaka wa tatu, dada."

"Nani aliliangalia? Hebu kaa. Vua kiatu."

Nilikaa pembeni karibu saa nzima huku wakizungumza habari za goti, vidonge vinavyochoma tumbo, na daktari gani ana mikono mizuri. Mimi na pikipiki tulikuwa tumesahaulika. Mwishowe yule mama akamuuliza mke wangu, si mimi, "Nimuuzie?"

Mke wangu akanigeukia. Sikuona hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayesema hajambo.

"Muuzie," akasema. "Afadhali hiyo, nitakuwa naisikia akiondoka."

Tukaandikishana siku hiyo hiyo.

Lile gari jekundu lilinunuliwa na mwalimu mmoja wa sekondari. Halikukutwa na dosari yoyote. Naliona karibu kila wiki likipita, amelipandisha kidogo kwa ajili ya matuta, linang'aa, na kila likipita nasogea ukingo wa baraza kutazama bomba la moshi. Moshi haupo. Nimemuuliza fundi wangu mara tatu kama amewahi kulifungua injini. Anasema hajawahi, linakuja kubadilisha oili tu. Labda yule kijana wa viatu vyeupe alikuwa anasema kweli, na boneti ilikuwa ya moto kwa sababu ya jua. Labda.

Pikipiki naipanda alfajiri kabla barabara haijachangamka. Ninapofungua kwenye lami ya Kidahwe moyo unapiga ngoma ile ile ya zamani, ila siku hizi natazama pembeni zaidi: mbuzi, wanafunzi, watu wa baiskeli. Narudi taratibu kuliko nilivyokwenda. Mke wangu hajawahi kuipanda na anasema hataipanda, lakini chai naikuta mezani.

Yule mama huja kuiangalia kila baada ya wiki mbili, akidai anakuja kuonyesha goti. Mara ya mwisho alikunywa chai na mke wangu, kisha akatoka uani, akainama kwa taabu, akapitisha kidole kwenye mnyororo na kukinusa.

"Umeipitisha kwenye maji."

"Hapana, mama."

"Mto Luiche?"

"Sijafika Luiche."

Alikitazama kile kidole, akanitazama mimi, akajifuta kwenye kitenge chake polepole. Nilikuwa nimevuka pale juzi, maji yamefika nusu ya gurudumu, nikipiga kelele kama mtoto.

"Haya," akasema. "Nitakuja Jumamosi hii, sitangoja wiki mbili."