Sufuria ya kukimbia nayo

Juzi, hapa Bunia, nilimwona mama mmoja akichagua sufuria sokoni kwa namna ambayo bibi yangu hakuijua. Hakuigonga kusikiliza mlio wake, wala hakutazama ndani. Aliijaza nguo alizokuja nazo, akaibandika kichwani, akakaza kitenge kiunoni, akaenda mbiombio hadi kona ya soko na kurudi.

"Hii iko muzito," akamwambia muuzaji. "Itanivunja shingo mu njia."

"Lakini inapikaka muzuri, mama. Weye iko na batoto wengi."

"Bakubwa watakimbia. Mudogo nitamubeba mugongo. Sufuria inabakia kichwa."

Muuzaji hakushangaa hata kidogo. Akainama, akatoa nyingine chini ya meza. "Basi kamata hii. Bote banakimbiaka nayo."

Asubuhi ile ile mhubiri wa redio alikuwa ametuhimiza tuishi siku ya leo, na tutie moyo wote katika kazi iliyo mkononi. Kusema kweli, sijaona mtu aliyetia moyo wote katika jambo dogo kama mama yule. Ila leo yetu, sisi watu wa huku, imejaa kesho ya kukimbia vita.

Mimi nilifuata sufuria kubwa ya sherehe, ya ubatizo wa mjukuu wangu. Muuzaji akaniteremshia moja, akaipangusa vumbi.

"Wageni watakuwa wengi, baba?"

Nilikuwa nimekwisha kuiweka kichwani.